Mfupa ni Tishu Hai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Goma

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Goma. Kila mwaka, nikimaliza somo la mifupa, wanafunzi hurudi kesho yake na maswali ambayo si yao: yametumwa na bibi mwenye maumivu ya mgongo, na mama anayeuza samaki wa sambaza, na kaka anayeendesha moto, yaani pikipiki, ambaye amevunjika mguu. Nimeyakusanya yale yanayorudi mara nyingi zaidi na kuyajibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila moja.

Mfupa umeundwa kwa vitu gani?

Jibu mnaweza kuliona jikoni. Chukua mfupa wa paja la kuku aliyekwisha kuliwa, uutie ndani ya kopo lenye siki na kuuacha kwa siku kadhaa, huku ukibadilisha siki mara moja au mbili. Siki itayeyusha madini, na mfupa utabaki na umbo lake ila utaweza kuupinda kama mpira. Mfupa wa pili uuweke juu ya makaa ya mbabula, yaani jiko la mkaa, mpaka uwe mweupe kabisa. Huo nao utabaki na umbo lake, lakini ukiubonyeza kwa kidole gumba utasagika kama chaki, kwa sababu moto umeunguza protini na kuacha madini peke yake.

Hayo ndiyo mambo mawili yanayoufanya mfupa. Takriban theluthi mbili ya uzito wake ni madini, yaani fuwele ndogo sana za kalsiamu na fosfeti ambazo wanasayansi huziita haidroksiapatiti. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni, protini yenye nyuzi kama kamba, pamoja na maji kiasi. Madini huufanya mfupa uhimili kugandamizwa, na kolajeni huufanya uhimili kuvutwa na kupindwa bila kukatika. Mfupa wa mtoto ndogo una kolajeni nyingi ukilinganishwa na madini yake, na ndiyo maana mara nyingi hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi kinavyofanya ukijaribu kukivunja.

Kwa nini mnasema mfupa ni kitu hai, wakati ukiushika ni kama jiwe?

Swali hili ni la haki katika mji uliojengwa juu ya mawe. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea darasani jiwe la lava lenye vitundu vingi, alilolitoa kwenye ua wa kwao, akaliweka kando ya kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichokatwa kwa msumeno. Kwa macho vilifanana kweli. Lakini vitundu vya jiwe lile viliachwa na gesi wakati lava ilipokuwa inapoa, na tangu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa mwaka 2002 havijabadilika hata kimoja. Vitundu vya mfupa vimejaa uboho na mishipa ya damu, na kuta zake zinabomolewa na kujengwa upya kila siku, zikipangwa kufuata njia ambazo uzito wa mwili hupitia.

Jambo hili liligunduliwa mezani. Mwaka 1736, daktari mpasuaji wa London aliyeitwa John Belchier alialikwa kula kwa mtu mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, akaletewa nyama ya nguruwe ambayo mifupa yake ilikuwa myekundu. Nguruwe hao walikuwa wakilishwa mabaki ya mmea unaotoa rangi nyekundu, na rangi hiyo ilikuwa imeingia katika mfupa uliokuwa ukijengwa. Baada yake Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau aliitumia rangi hiyo kwa makusudi: alimlisha mnyama kwa kipindi fulani, akaacha, akamlisha tena, na mifupa ikaonyesha tabaka nyekundu na nyeupe kwa zamu. Jiwe haliwezi kula chakula cha nguruwe. Kile kinachopokea rangi kutoka katika damu kina damu inayokifikia.

Ndani ya mfupa kukoje?

Nje kuna ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya fahamu, na hiyo ndiyo inayokuumiza vikali ukigonga muundi kwenye kona ya kitanda. Chini yake kuna mfupa mgumu, ambao ni karibu asilimia 80 ya uzito wa mifupa yote. Ukiutazama kwa hadubini utaona mabomba madogo yaliyopangwa kufuata urefu wa mfupa, kila bomba likiwa na tabaka zinazozunguka mfereji mmoja wa katikati unaopitisha mshipa wa damu. Mifereji hiyo inaitwa kwa jina la Mwingereza Clopton Havers, aliyeieleza mwaka 1691.

Ndani zaidi, hasa kwenye ncha za mifupa mirefu na katika pingili za uti wa mgongo, kuna mfupa wa sponji, ule unaofanana na jiwe la mwanafunzi wangu. Katikati ya vibao vyake vyembamba hukaa uboho mwekundu, ambao hutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ya milioni mbili kila sekunde. Kwa mtu mzima uboho huo hubaki hasa katika fuvu, mbavu, kidari, pingili na nyonga, na sehemu kubwa ya mifupa ya mikono na miguu hujaa uboho wa njano ambao ni mafuta.

Ni nani anayebomoa na ni nani anayejenga?

Hapa ndipo penye kiini cha somo lote, nami humwomba msomaji asiparuke.

Kuna seli za aina tatu za kukumbuka. Osteoklasti ni seli kubwa zenye viini vingi, zinazotokana na ukoo uleule wa chembe nyeupe za damu. Seli hiyo hujibandika juu ya uso wa mfupa, ikamwaga asidi ya kuyeyusha madini na vimeng'enya vya kukata kolajeni, na ikiondoka huacha shimo dogo. Osteoblasti ndizo zinazokuja nyuma yake kulijaza shimo hilo: kwanza hutandika kolajeni, kisha madini hujipanga juu yake kidogokidogo. Kubomoa huchukua majuma machache tu, lakini kujaza huchukua miezi mitatu au minne, na tofauti hiyo ya mwendo inaeleza mambo mengi nitakayoyataja mbele. Chochote kinachoharakisha kazi ya kubomoa kitamwacha mjenzi nyuma.

Aina ya tatu ni osteositi. Hizi ni osteoblasti zilizofunikwa na mfupa ziliokuwa zikiujenga, zikabaki ndani, na kwa idadi ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba zimestaafu. Kumbe zimenyoosha vidole vyembamba kupitia mifereji midogo hadi kugusana na wenzao, na mfupa unapobanwa na mzigo, maji yaliyo ndani ya mifereji hiyo husogea nazo zikahisi. Zikiona sehemu imechoka au imepata ufa, huita wabomoaji. Zikiona sehemu inabeba uzito mwingi, huwaachia wajenzi waongeze. Zinatoa hata homoni inayoenda kuyaambia mafigo yatoe fosfeti kiasi gani katika mkojo.

Kwa njia hii takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Watu hupenda kuulinganisha mfupa na saruji yenye vyuma ndani, na mfano huo si mbaya, ila sijawahi kuona ukuta unaojikagua wenyewe.

Mwili unapata faida gani kujibomoa?

Faida mbili. Ya kwanza ni kuondoa nyufa ndogo zinazotokana na matumizi ya kila siku kabla hazijawa kubwa. Ya pili ni kalsiamu ya damu. Asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili, ambayo kwa mtu mzima hufikia karibu kilo moja, imewekwa katika mifupa na meno, na ile asilimia moja iliyobaki ndiyo inayoruhusu moyo kupiga, misuli kujikunja na damu kuganda. Kiwango cha damu kikishuka, tezi nne ndogo za parathiroidi zilizo shingoni hutoa homoni inayoagiza mfupa ubomolewe kidogo na mafigo yazuie kalsiamu isipotee. Moyo hauwezi kungoja mpaka siku ya soko, kwa hiyo mwili huukopa mfupa bila kuuliza, na deni lisipolipwa kwa chakula linabaki palepale kwenye mfupa.

Mtoto anayezaliwa ana mifupa mingapi?

Ana vipande karibu 300, na mtu mzima ana mifupa 206. Hakuna kinachopotea, vipande vingi huungana.

Mifupa hurefuka kwa njia gani, na kwa nini inafika siku inaacha?

Mfupa mgumu hauwezi kuvutika kama unga wa chapati. Mifupa mingi huanza tumboni mwa mama ikiwa gegedu, tishu laini kama ile ya sikio, na hatua kwa hatua gegedu hiyo hubadilishwa kuwa mfupa. Baada ya kuzaliwa, utando wa gegedu hubaki karibu na kila ncha ya mfupa mrefu, nao huitwa bamba la ukuaji. Upande mmoja wa bamba, seli za gegedu hugawanyika na kujipanga safu kama sahani zilizopangwa juu ya nyingine. Kisha huvimba, huzungukwa na madini, hufa, na mishipa ya damu huingia pamoja na osteoblasti kuweka mfupa mahali pao. Ncha inasukumwa mbali, na mtoto anarefuka. Mabamba haya hayafanyi kazi sawasawa: kiasi cha asilimia 70 ya urefu wa fupapaja hutoka kwenye bamba lililo karibu na goti, na ndiyo maana jeraha la goti kwa mtoto wa miaka kumi halipaswi kufungwa kitambaa tu na kusahauliwa.

Wakati uleule mfupa hunenepa kwa nje, kwa seli zilizo chini ya ile ngozi yake, huku osteoklasti zikipanua uwazi wa ndani. Duhamel aliuzungushia mfupa wa mnyama mchanga uzi wa fedha, na baadaye akaukuta uzi huo ukiwa ndani, upande wa uboho, ingawa hakuna aliyeusogeza.

Kinachoendesha ukuaji ni homoni ya ukuaji, homoni ya tezi ya thairoidi, na katika ujana homoni za jinsia. Hizi za mwisho kwanza huongeza kasi, kisha hufunga mlango, na inayofunga ni estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia, maana mwili wa mvulana hutengeneza kiasi chake. Kwa wasichana wengi mabamba hufungwa kati ya miaka 14 na 16, na kwa wavulana kati ya 16 na 18. Mtulinga huchelewa kuliko yote: ndio wa kwanza kuanza kuwa mfupa tumboni, na ncha yake iliyo karibu na kidari huungana mtu akiwa amepita miaka ishirini. Bamba likifungwa, hakuna kidonge wala mazoezi yatakayomrefusha mtu, na anayeuza dawa ya namna hiyo anauza maneno.

Niongeze jambo moja kwa wazazi. Watoto wengi wa Kivu ni wafupi kuliko ambavyo wangekuwa, na si kwa sababu ya ukoo. Bamba la ukuaji hupunguza kazi mtoto anapokosa chakula cha kutosha au anapougua kuhara na malaria mara kwa mara, na miaka miwili ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote.

Utosi wa mtoto wangu bado unadunda. Utafungwa lini?

Utosi wa mbele hufungwa kwa kawaida kabla ya miaka miwili, mara nyingi karibu na mwezi wa 18. Mifupa ya sehemu ya juu ya fuvu haipitii gegedu. Huundwa moja kwa moja ndani ya utando, na nafasi zinazobaki kati yake huruhusu kichwa kupita wakati wa kuzaliwa na ubongo kukua baadaye. Kudunda si ugonjwa. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayehara unaonyesha kwamba maji yamemwishia, na utosi uliovimba pamoja na homa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Hakuna majani ya kupaka yanayoufunga.

Je, ni kweli kwamba anayesukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ana mifupa migumu kuliko karani wa ofisini?

Kwa msingi wa kisayansi, ndiyo, mradi anakula na anapumzika. Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Wachezaji wa tenisi waliopigwa picha walionekana kuwa na mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika raketi. Upande wa pili, wanaanga wanaoishi angani, ambako miguu haibebi uzito wowote, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mgonjwa aliyelala kitandani kwa miezi hupatwa na jambo lilelile polepole.

Osteositi hujali zaidi mzigo unaobadilika, wa muda mfupi na wenye nguvu, kuliko mzigo unaokaa palepale kutwa nzima. Kuruka kamba, kupanda mlima, kucheza mpira na kucheza ngoma vinasema na mfupa vizuri zaidi kuliko kusimama na gunia mgongoni. Kwa hiyo akina mama wanaobeba mzigo kwa kamba ipitayo kichwani kutoka sokoni wasiambiwe kwamba hayo ni mazoezi. Pingili zao zinaweza kuwa imara, lakini diski zilizo kati ya pingili, pamoja na shingo na magoti, zinalipa gharama yake. Na mtoto asipewe chukudu ya viazi kwa hoja kwamba itamkomaza: kinachotishia mfupa wake ni ajali kwenye mteremko, na ajali ikiharibu bamba la ukuaji, mguu mmoja unaweza kubaki mfupi.

Maziwa ni ghali. Nile nini ili mifupa iwe na kalsiamu?

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300, kwa kuwa huo ndio wakati anapojenga akiba atakayoitumia maisha yote. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu miligramu 300, na fromaji (jibini) ya Masisi nayo ni chanzo kizuri kwa anayeimudu.

Hata hivyo, mkaaji wa Goma ana kitu bora mlangoni pake. Sambaza, samaki walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima, na mfupa wao mdogo ndiyo kalsiamu yenyewe. Anayeng'oa miiba na vichwa ili mtoto ale nyama tu anatupa sehemu iliyo muhimu. Sombe, yaani kisamvu, nayo inasaidia, na maharage kidogo. Lengalenga, yaani mchicha, ina kalsiamu nyingi kwa hesabu, lakini ina pia oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo tumboni, hivyo mwili haupati sehemu kubwa yake. Tuile kwa faida zake nyingine.

Kuhusu supu ya makongoro, ambayo hupelekewa kila aliyevunjika mguu: ni tamu, inampa mgonjwa maji, chumvi na protini, nami sitamnyima mtu. Lakini kalsiamu haitoki kwenye mfupa kwa kuchemshwa na maji, na kolajeni ya ng'ombe ikifika tumboni hukatwakatwa kama nyama nyingine yoyote. Haiendi moja kwa moja kujibandika penye ufa. Protini inahitajika kweli, na yai au maharage yatafanya kazi hiyohiyo.

Tuko karibu na ikweta. Vipi mtoto apate matege kwa kukosa jua?

Ngozi inayopigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo hubadilishwa kwenye ini na kisha kwenye figo kuwa homoni inayofungulia kalsiamu mlango wa utumbo. Ikikosekana, gegedu ya bamba la ukuaji haipati madini, inabaki laini, na miguu hupinda chini ya uzito wa mtoto. Madaktari wetu huuita ugonjwa huo rakitisimu. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani na kufunikwa vitenge kutwa anaweza kuupata hata hapa, kwa sababu maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, na ngozi nyeusi huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi.

Lakini jua si jibu la kila matege. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huu, waliokuwa wakicheza juani kila siku, walikosa kalsiamu na wakapata nafuu walipopewa kalsiamu. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa bugali na uji mtupu yuko katika hatari hiyo. Miguu inayopinda kidogo kwa mtoto aliyeanza kutembea ni kawaida na hunyooka. Inayozidi kupinda baada ya miaka mitatu, au upande mmoja tu, ipelekwe kwa daktari.

Maji yetu yanaharibu meno ya watoto. Je, yanaharibu mifupa pia?

Gesi na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira hubeba floridi, na maji ya mvua yanayokingwa karibu na milima hiyo, pamoja na baadhi ya chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano, yanaweza kuwa nayo nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi huingia ndani ya fuwele ya madini na kuchukua nafasi katika muundo wake. Ikiwa kidogo, inalikinga jino lisioze. Ikizidi katika miaka minane ya kwanza, meno ya kudumu yanatoka na madoa meupe au ya kahawia ambayo hayafutiki.

Kwa mifupa inahitajika floridi nyingi zaidi, na kwa miaka mingi. Hapo mfupa huwa mzito kwenye picha lakini dhaifu kwa uhalisi wake, mishipa inayofunga viungo hushikwa na madini, na mgongo hukakamaa. Meno yenye madoa hayamaanishi kwamba mifupa imefikia hali hiyo. Ni muhimu kujua kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi, bali huikoleza, na klorini inaua vijidudu tu. Mwenye chaguo la maji, maji yenye floridi kidogo ampe kwanza mtoto aliye chini ya miaka minane.

Bibi yangu anazidi kuwa mfupi na mgongo unapinda. Ni uzee tu?

Mfupa hufikia uzito wake wa juu kati ya miaka 25 na 30. Baada ya hapo wabomoaji huanza kuwazidi wajenzi kidogo, na kwa mwanamke tofauti hiyo hupanuka ghafla hedhi inapokoma, kwa kuwa estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji. Anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa katika miaka mitano hadi saba. Mfupa wa sponji huumia kwanza: vibao vyake vyembamba hukatika, na kibao kilichokatika hakina mahali pa kujengewa upya. Pingili husinyaa bila hata mtu kuanguka, bibi anapungua urefu, na kanga aliyokuwa akiifunga vizuri inaburuta. Wengine huvunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuteleza tu.

Kuna kipimo cha wingi wa mfupa na kuna dawa za kuwapunguza kasi wabomoaji, na daktari ataamua. Nyumbani, taa ya kwenda chooni usiku, fimbo, na njia isiyo na mawe yaliyochongoka vinazuia mifupa mingi kuvunjika. Lakini mgongo unaopinda kwa kona kali, pamoja na homa za jioni na kukonda, hasa kwa kijana, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika. Huo usiitwe uzee.

Vidonge vya kunenepesha vina uhusiano gani na mifupa?

Vina uhusiano mkubwa, nami hukasirika kila ninaposikia swali hili, kwa sababu waulizaji ni wasichana wa miaka kumi na saba. Vingi vya vidonge hivyo vina deksametazoni, dawa inayoiga homoni fulani ya mwili. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini ikimezwa kwa miezi huua osteoblasti, hupunguza kalsiamu inayoingia mwilini na huweza kukata damu inayolisha kichwa cha fupapaja. Msichana huyo anaonekana amejaa mashavuni wakati mifupa yake inakuwa kama ya bibi yake. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla, maana mwili umekwisha acha kutengeneza homoni yake na anaweza kuanguka. Amwone daktari apunguziwe hatua kwa hatua.

Mtoto wetu ni SS, yaani ana selimundu. Kwa nini anaumwa mifupa?

Chembe zake nyekundu hubadilika umbo, hukwama katika mishipa midogo ya mfupa, na tishu inayokosa damu hulia kwa maumivu. Apewe maji mengi, asipigwe na baridi, na apate dawa ya maumivu ya kutosha. Mfupa mmoja ukivimba na homa ikapanda, kunaweza kuwa na vijidudu ndani yake, na hilo si la kungoja asubuhi.

Mfupa uliovunjika huunganaje, na je, niende kwa muunga mifupa wa kienyeji?

Mara tu baada ya kuvunjika, damu hujikusanya na kuganda kati ya ncha mbili. Ndani ya majuma mawili au matatu, seli zinazotoka kwenye ngozi ya mfupa hutengeneza fundo laini la gegedu na nyuzi, na fundo hilo hugeuka kuwa mfupa kwa njia ileile ya bamba la ukuaji, kana kwamba mwili unakumbuka jinsi ulivyokua. Fundo gumu huonekana kwenye picha ya radio (eksirei) baada ya majuma sita hivi. Kisha osteoklasti na osteoblasti hufanya kazi kwa miezi na hata miaka kulichonga fundo hilo. Kigasha cha mtoto huungana kwa majuma manne hadi sita. Fupapaja la mtu mzima huhitaji miezi mitatu hadi sita. Sigara huchelewesha, kwa kuwa inabana mishipa ya damu.

Siwadharau waunga mifupa. Wengine wana mikono yenye ujuzi, na kuvunjika kusiko na kidonda wala kupishana kwa mifupa kunaweza kuungana vizuri kwao. Tatizo ni vibanzi vilivyokazwa mno. Vidole vikipoa, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza kamba saa hiyohiyo uende hospitali, maana nyama isiyopata damu hufa kwa saa chache. Mfupa uliotoboa ngozi haupaswi kupita kwa muunga hata mara moja. Na kukanda mahali palipovunjika, hasa karibu na kiwiko cha mtoto, kunaharibu.

Tofauti na ngozi, mfupa ulioungana vizuri haubaki na kovu. Nikiwa na miaka tisa nilianguka na chukudu kwenye mteremko, kigasha changu cha kushoto kikakatika mifupa yote miwili. Nilipopigwa radio ya mkono huohuo nikiwa mtu mzima kwa sababu nyingine, nilimwuliza fundi anionyeshe mahali palipovunjika. Aliigeuza picha mara mbili kwenye mwanga, akaniuliza kama nina hakika ulikuwa mkono wa kushoto.